Kosa Dogo na Mlango wa Mahakama

Sheria huwekwa kwa ajili ya watu wote, lakini kosa hutendwa na mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo lilipo fumbo ambalo limewasumbua mahakimu, wazazi na walimu tangu zamani. Sheria husema kwamba mtu atakayefanya jambo fulani atashitakiwa. Kisha huletwa mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeiba mkate, au mama aliyetandaza ndizi zake mahali palipokatazwa kuuzia, au vijana wawili waliopigana ngumi kwa ajili ya mchezo wa mpira, na kila mwenye macho huona kwamba adhabu iliyo mbele ya mtu huyu ni kubwa kuliko kosa lililo nyuma yake. Tufanyeje basi? Tukimshitaki twaogopa kuwa wakatili. Tukimwacha twaogopa kuwa wazembe.

Kati ya njia hizi mbili walimwengu wamekuwa wakifungua njia ya tatu. Nayo ni kumtoa mkosaji katika mkondo wa mashitaka kabla hajahukumiwa, na kumpa sharti la kulitengeneza alilolivunja. Baadhi ya watu huisifu njia hii kwa kuwa inapunguza msongamano wa magereza na gharama za serikali. Sifa hiyo siikatai, lakini siyo niitakayo katika insha hii. Jambo linaweza kuwa rahisi na likawa dhuluma. Jambo linaweza kuwa la gharama na likawa haki. Swali langu ni hili: je, mtu aliyekosa anapokosa kufikishwa mahakamani, haki imetendeka au imekwepwa?

Kwanza yafaa tujue tunasema juu ya nini. Katika lugha yetu kuchepusha ni kukitoa kitu katika njia yake kubwa na kukipitisha kando. Wachagga wa Kilimanjaro huchepusha maji ya mito ya mlimani kwa mifereji waiitayo mifongo, yakaenda kunywesha migomba. Maji yale hayakupotea wala hayakuzuiwa, yamepewa kazi. Kuchepusha mashitaka ni mfano wa hayo. Mkosaji hukiri kwa hiari yake kwamba ametenda. Hukubali masharti: kumwomba radhi aliyemkosea, kurudisha mali au thamani yake, kufanya kazi ya manufaa kwa wengine, kuhudhuria shule au mafunzo, au kuwa chini ya uangalizi wa mtu mwaminifu kwa muda uliowekwa. Akitimiza, mashitaka hukoma na jina lake haliandikwi katika orodha ya wenye hatia. Asipotimiza, hurudishwa katika mkondo aliotolewa.

Jambo hili lisichanganywe na mengine mawili yanayofanana nalo. Si sawa na adhabu ya kuwatumikia watu badala ya kifungo, iliyowekwa kwa sheria nchini Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2002. Kwa maana adhabu ile hutolewa baada ya mtu kuonekana na hatia, naye hubaki na hatia yake. Wala si sawa na kumwambia mkosaji aende zake. Aliyeachwa bure hadaiwi kitu. Aliyechepushiwa mashitaka anadaiwa, na deni lake lina tarehe.

Habari ya njia hii katika zama zetu yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la Ontario, Kanada, vijana wawili walilewa wakapita usiku wakiharibu mali za watu mahali ishirini na mbili. Walipokwisha kukiri mbele ya hakimu, afisa mmoja wa uangalizi, Mark Yantzi, alishauri kwamba wapelekwe nyumba kwa nyumba kuonana na wale waliowaharibia. Hakimu akakubali. Vijana wakabisha hodi, wakasikia hasara kutoka katika vinywa vya wenye hasara, na baada ya miezi michache wakalipa. Vijana hao walikuwa wamekwisha kufika mahakamani, kwa hiyo habari yao si ya kuchepusha kwa maana kamili. Lakini mlango ule waliobisha hodi umekuwa mfano kwa nchi nyingi.

Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za Beijing, zinazohimiza kwamba watoto wakosaji washughulikiwe nje ya mahakama kila inapofaa. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 ukarudia shauri hilo, ukiongeza kwamba haki za mtoto zilindwe kikamilifu katika njia hiyo. Mwaka huo huo wa 1989 New Zealand iliweka sheria ya kuwakutanisha mtoto mkosaji, jamaa zake na aliyekosewa katika kikao cha ukoo, kwa kufuata sana mawazo ya Wamaori. Afrika ya Kusini ilipitisha Sheria ya Haki ya Mtoto mwaka 2008, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliagiza mahakama zihimize upatanishi na njia za jadi za kumaliza ugomvi, mradi haki za binadamu zisivunjwe. Mwaka 2019 ofisi ya mwendesha mashitaka mkuu wa nchi hiyo ilitoa mwongozo wa kuchepusha mashitaka ya watoto na ya watu wazima, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikaipa njia hii nguvu kwa upande wa watoto.

Msomaji aweza kudhani kwamba jambo hili limetujia kwa meli kama bidhaa nyingine. Sivyo. Watu wa pwani wanajua sulhu tangu mababu. Na bara makabila mengi yalikuwa na baraza la wazee lililoketi chini ya mti likauliza kwanza nani ameumizwa kabla ya kuuliza kifungu gani kimevunjwa. Hata sheria ya Tanzania ya mwaka 1985 iliyoanzisha mabaraza ya kata ilisema kwamba kazi ya kwanza ya baraza ni kuleta amani kwa kuwasuluhisha watu. Tofauti iko mahali pengine, nami nitaieleza kwa tukio la utoto wangu. Sipendi kujitaja katika maandishi ya namna hii, ila sijaona mfano mwingine unaoonyesha pande zote mbili za jambo hili kwa pamoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tanga, wavulana watatu tulishitakiwa kwa kuangua madafu katika shamba la mzee mmoja. Mimi nilipanda mnazi; sina la kujitetea. Wa pili alikuwa binamu yangu. Wa tatu alikuwa mtoto wa mkata mkonge aliyehamia kutoka mbali, naye alipanda pamoja nami. Jioni ile baba yangu na mjomba wa binamu yangu walikwenda kwa mzee wakiwa na maneno mazuri. Wakaketi, wakanywa kahawa, na ikaamuliwa kwamba sisi wawili tutalipalilia shamba lile siku za mapumziko mpaka mzee aridhike. Tulipalilia majuma mawili. Mzee alitusimamia, akatufundisha kutambua mnazi wenye chonga, na siku ya mwisho akatupa madafu manne kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo sikuweza kupita mbele ya nyumba yake bila kumwamkia.

Yule mwenzetu wa tatu hakuwa na mjomba. Baba yake alikuwa kazini, hakujua wa kumwendea, wala hakuwa na kimo cha kuketi penye kahawa ile. Mtoto wa mzee alimpeleka kituoni. Alikaa mahabusu pamoja na watu wazima majuma mengi, kwa ajili ya madafu, kisha akaachiwa kwa kuwa hapakutokea shahidi. Aliporudi hakurudi darasani. Watoto walikuwa wamekwisha kumpa jina, na jina lilimtangulia kila alipokwenda. Mwisho wa mwaka baba yake aliacha kazi wakahama, wala sikumwona tena.

Nilipokuwa mtoto nilidhani kwamba mwenzangu alikuwa na bahati mbaya. Nilipokuwa mtu mzima niliona kwamba bahati haikuhusika. Kuchepusha mashitaka kulikuwako kijijini petu, ila kulikuwa mali ya wenye jamaa. Kwa kosa moja, siku moja, mnazi mmoja, palikuwa na sheria mbili: moja ya mtoto anayejulikana baba yake na moja ya mtoto wa mgeni. Naamini kwamba hali hiyo haikuwa ya kijiji chetu tu. Penye askari au mwendesha mashitaka mwenye uwezo wa kuamua nani aendelee na nani arudi nyumbani, tayari pana njia ya kando. Kwa hiyo swali la kama pawe na huruma nje ya mahakama limekwisha kupitwa na wakati. Huruma hiyo ipo. Swali lililobaki ni kama huruma hiyo iandikwe, iwe na masharti yanayoonekana na kumfikia asiye na mtu, au iendelee kutembea gizani ikiwatafuta inaowajua.

Hata hivyo, kitu hakiwi haki kwa kuandikwa tu. Wako watu wenye busara wanaoipinga njia hii, na hoja zao hazistahili kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba kosa linastahili adhabu, na kuondoa adhabu ni kuondoa haki. Bingwa wa hoja hiyo ni Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani. Katika kitabu chake cha mwaka 1797 juu ya maadili na sheria alifika mbali hata akasema kwamba watu wa kisiwa wakikubaliana kutawanyika, ingewapasa kwanza kumwua mwuaji wa mwisho aliyebaki gerezani, ili kila mtu apate alichokistahili. Siwezi kuidharau hoja hii, maana ndani yake mna heshima: inamtazama mkosaji kama mtu mwenye akili anayejibu kwa matendo yake, wala haimtazami kama mgonjwa. Lakini hoja hii inadai kwamba tendo lipate jibu lake; haidai kwamba jibu lazima litoke katika kinywa cha hakimu. Kizimbani mkosaji huambiwa anyamaze, na wakili akiwapo humsemea. Yawezekana akaingia akatoka bila kumtazama usoni hata mara moja yule aliyemwibia. Kuketi mbele ya mwenye mali, kusikia kwamba baiskeli ile ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mgonjwa zahanati, kisha kusema kwa mdomo wako mwenyewe, "Mimi ndiye niliyeichukua," si jambo jepesi. Wengi wangechagua kizimba.

Tena Kant huyo huyo alikataza mtu asitumiwe kama chombo cha kupatia faida ya wengine. Mara nyingi tunapomshitaki mtoto kwa kosa dogo hatufikiri kwamba anastahili. Twafikiri kwamba wengine wataogopa. Tunamtumia. Na hata hofu hiyo haipatikani kwa urahisi. Cesare Beccaria wa Italia aliandika mwaka 1764 kwamba kinachozuia makosa zaidi ni uhakika wa adhabu na uharaka wake kuliko ukali wake. Kesi inayoahirishwa mwezi hadi mwezi, shahidi akachoka, jalada likapotea, humfundisha kijana kwamba serikali ni ya vitisho na haina jibu. Majuma mawili ya palizi yaliyoanza kesho yake yalinifundisha zaidi.

Hoja ya pili ni juu ya msamaha. Yasemwa kwamba msamaha ni wa aliyekosewa. Serikali inapomwondolea mkosaji mashitaka, inatoa sadaka mali isiyokuwa yake. Hoja hii ni ya kweli nusu. Ni kweli kwamba aliyekosewa asiposikilizwa, kuchepusha mashitaka ni kumdhulumu mara ya pili. Na hapa yafaa tukumbuke kwamba udogo wa kosa haupimwi kwa bei. Kuku mmoja ni kitu kidogo katika vitabu vya mahakama. Lakini mjane mwenye kuku watatu, aliyekuwa akiwauza mayai anunue mafuta ya taa, ameibiwa theluthi ya riziki yake. Asiyemwuliza mjane hajui kosa ni kubwa kiasi gani.

Lakini nusu ya pili ya hoja hiyo yapotosha. Ikiwa aliyekosewa ndiye peke yake mwenye ufunguo, basi uhuru wa mkosaji utategemea kama amemkosea mtu mpole au mtu wa kisasi, na huenda ufunguo ukauzwa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shitaka la mauaji liondolewe, baada ya jamaa za marehemu na jamaa za mshitakiwa kupatana kwa kufuata mila na dini yao, na fidia kulipwa kwa ngamia na mifugo mingine. Wapo waliofurahia upatanisho huo. Wengine, nami nikiwa miongoni mwao, twaona kwamba damu ya mtu si jambo la koo mbili tu. Marehemu hakuwapo katika kikao. Kosa lina sehemu ya aliyeumizwa na sehemu ya watu wote. Katika kosa dogo sehemu ya watu wote ni ndogo, nayo yaweza kuachwa bila hasara. Katika kosa kubwa haiachwi. Mpaka huo ukivukwa, sulhu inageuka kuwa biashara.

Hoja ya tatu yanisumbua kuliko zote, nami sitajifanya kwamba nina jibu kamili. Njia hii yote imesimama juu ya nguzo moja: mkosaji akiri. Je, mtu akikiri jambo asilolitenda?

Nilisema kwamba binamu yangu alipalilia pamoja nami. Sikusema kwamba alipanda mnazi, kwa maana hakupanda. Alikuwa akipita njiani na mtungi wa maji alipotuona, akasimama kucheka, na tulipokamatwa akakamatwa. Jioni ile alianza kusema kwamba hakuwamo. Mjomba wake akamwambia anyamaze, aombe radhi, mambo yaishe. Akaomba radhi. Akapalilia. Watu wote waliona kwamba mambo yameisha vizuri. Miaka zaidi ya ishirini ilipopita, tukiwa watu wazima wenye watoto, aliniuliza siku moja kwa nini siku ile sikusema. Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakuwa amesahau. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi katika tukio moja la madafu niliona wema wa njia hii, upendeleo wake na uovu wake. Binamu yangu angesimama mbele ya hakimu mwadilifu, huenda angesalimika, kwa kuwa mahakama humwona mtu kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Kikao cha kahawa hakikuwa na kanuni hiyo. Kilitaka amani, na amani ilipatikana kwa bei ya ukweli. Huu ndio udhaifu mkuu wa sulhu zote: hupenda mwisho mwema kuliko ukweli, na aliye dhaifu kuliko wote ndiye anayeombwa alipe ili mwisho uwe mwema.

Watunga sheria wa Afrika ya Kusini waliiona hatari hii. Sheria yao inataka kwamba mtoto awe amekiri bila kushurutishwa, na uwepo ushahidi wa kutosha dhidi yake hata kabla ya kukiri kwake. Masharti haya ni mema, na la mwisho ndilo lenye nguvu zaidi. Ushahidi ambao usingeweza kusimama mahakamani usiruhusiwe kusimama nje ya mahakama. Pasipo ushahidi, mtu asiulizwe kama akubali masharti, aachwe aende zake. Lakini mimi ningeongeza jambo moja. Mtu anayesema, "Sikutenda, nipelekeni mahakamani," asipate taabu kwa kusema hivyo. Ikiwa kukataa maana yake ni kulala mahabusu miezi mitatu akingojea kesi, na kukubali maana yake ni kwenda nyumbani leo, basi hiari imekufa na ungamo lake ni la kununuliwa. Kwa hiyo anayetaka kuchepusha mashitaka kwa haki hana budi kutengeneza pia njia kubwa anayochepusha kutoka kwake. Mlango wa mahakama ukiwa wa kutisha, mlango wa kando hauwi wa hiari.

Hoja ya nne ni ya mali. Tajiri atalipa fidia kwa kuingiza mkono mfukoni. Maskini atauza mbuzi, au atashindwa, kisha atarudishwa kwenye mashitaka kwa kosa la pili, yaani umaskini. Jibu lake halina ugumu kwa mwenye nia. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alisifu uadilifu unaoijua hali ya kila jambo, akaufananisha na kipimo cha madini ya risasi walichotumia wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, ambacho kilipinda kufuata umbo la jiwe. Sharti na lipinde kadiri ya mtu: mwenye fedha atoe pia jasho lake, na asiye na fedha asidaiwe asichonacho. Siku sita za kazi ni siku sita kwa wote wawili.

Hapa yafaa kutaja kosa jingine ambalo ni rahisi kulitenda kwa nia njema. Kuna mambo yanayoitwa makosa ambayo hayastahili kuchepushwa kwa kuwa hayakustahili kuwa makosa. Sheria za uzururaji ni mfano. Chanzo chake chaweza kufuatwa mpaka Uingereza ya mwaka 1349, tauni ilipowamaliza wafanyakazi na mabwana wakataka kuwalazimisha waliobaki wafanye kazi. Na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1824 ilisafirishwa katika makoloni, ikabaki katika vitabu vya nchi nyingi za Afrika baada ya bendera kushushwa. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa kanuni za kuyaondoa makosa madogo ya namna hii katika jinai, na mwezi wa Desemba 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Basi mtu aliyekamatwa kwa sababu hana mahali pa kwenda, tukimwita kwenye kikao, tukamtaka akiri na kuomba radhi, tumemwomba radhi ya umaskini wake. Sheria ya namna hiyo ifutwe, na mtu huyo aachwe. Vivyo hivyo njia ya kando isiwe kisingizio cha kuwashika watu ambao zamani wangeonywa tu na kuachwa. Mfereji usichimbwe mpana hata ukameza watu waliokuwa wamesimama pakavu.

Nikiyakusanya yote haya pamoja, jibu langu ni kwamba mkosaji wa kosa dogo asipofikishwa mahakamani haki haikwepwi, ikiwa mambo manne yamo: ukweli umejulikana na haukununuliwa, aliyekosewa amesikilizwa ingawa hakupewa upanga, sharti limepimwa kwa uwezo wa mtu, na njia hiyo imefunguliwa kwa kila anayestahili bila kuuliza jamaa zake ni nani. Likikosekana la kwanza, twapata majeraha yaliyofunikwa kwa maneno mazuri. Likikosekana la pili, twapata huruma ya serikali kwa mali ya maskini. Likikosekana la tatu, twapata soko. Likikosekana la nne, twapata kile tulichokuwa nacho kijijini siku zote.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini methali hiyo humhimiza anayekunja awe na mkono wa taratibu, kwa maana hata samaki mbichi huvunjika. Sheria yenye mkono wa taratibu si sheria dhaifu. Inajua kwamba mtoto aliyeiba leo atakuwa jirani wa mtu kesho, na kwamba jina analopewa akiwa na miaka kumi na mitatu huenda likawa ndilo jina lake la maisha.

Mara nyingine ninapofundisha nami nikawaona wanafunzi wamekaa mbele yangu, humfikiri yule mtoto wa mkata mkonge. Alikuwa akinishinda katika hesabu. Pengine angekuwa amesimama mahali niliposimama. Hakunizidi kosa hata kwa dafu moja. Alinipungukia mjomba tu. Sheria inayomfaa mwenye mjomba haina kazi kubwa, kwa kuwa mwenye mjomba atajifaa. Sheria na iandikwe kwa ajili ya yule mwingine. Nayo itapimwa siku mtoto wa mgeni atakapokamatwa jioni, baba yake akiwa kazini, na pasiwe na mtu yeyote wa kwenda kunywa kahawa kwa ajili yake.